Upekuzi Usiobisha Hodi: Kutoka Shinyanga ya 1976 hadi Simu ya Kiganjani

Mwaka jana nilikwenda Kahama kuzungumza na mzee mmoja ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa mchimbaji mdogo huko Bulyanhulu. Nilikuwa nakusanya kumbukumbu za wachimbaji kwa ajili ya somo ninalofundisha. Baada ya salamu, mzee aliomba simu yangu, akaichukua pamoja na ya kwake, akazipeleka zote mbili jikoni na kuzifunika kwa sufuria. Kisha akabeba viti viwili, tukaenda kukaa chini ya mwembe, mbali na nyumba. "Mwanangu," akaniambia, "wewe nakuona. Huyo mwingine simwoni."

Aliyonisimulia chini ya mwembe ule hayakuwa siri. Mengi alikwisha kuyasema mbele ya watu, tena kwa sauti kubwa. Mzee hakuyaogopa maneno yake. Alimwogopa msikilizaji asiye na uso, asiye na jina na asiyewajibika kwa mtu yeyote. Niliporudi chuoni niliona kwamba hofu ile ina historia yake, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo inapita katika ukanda huuhuu wa Shinyanga na Geita.

Ndugu msomaji, tunapojadili serikali kufuatilia simu za raia kwa siri, mara nyingi tunauliza: nani alisema nini? Historia inatufundisha kuuliza maswali mengine: nani alisikiliza, kwa amri ya nani, na yakitokea maovu, nani atawajibika? Kulikuwa na wakati ambapo nchi hii ilithubutu kuyajibu maswali hayo hadharani. Ilithubutu kwa sababu ya Shinyanga.

Nianze na nyakati ambazo msikilizaji alikuwa na uso. Nilikulia Shinyanga. Baba yangu alikuwa karani katika shughuli za pamba, na mara chache alilazimika kupiga simu Mwanza au Dar es Salaam. Alikwenda posta, akajaza karatasi, akasubiri kuunganishwa na opereta. Sote tulijua kwamba opereta aweza kusikia. Baba alikuwa akianza kwa kumsalimia yeye kwanza, ndipo amsalimie aliyempigia. Mambo ya nyumbani hakuyasema. Aliyaandika kwenye barua. Lakini yule mama wa posta tulimfahamu. Alikaa mtaa wetu, watoto wake tulisoma nao, na laiti angeitoa siri ya mtu nje, mtaa mzima ungejua imetokea wapi.

Vivyo hivyo balozi wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katika miaka ya 1960. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujua nani kaingia mtaani na nani katoka. Sitaki kuusifu mfumo ule kupita kiasi. Uliwaumiza watu wengi. Nasema tu kwamba jicho la serikali lilikuwa na mlango wake, na mwananchi aliujua mlango huo ulipo.

Ubaya wa jicho lisilo na mlango ulidhihirika mwaka 1976. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa imekumbwa na wimbi la mauaji, yakiwemo ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Serikali ilikuwa na haki na wajibu wa kuyakomesha. Operesheni ikaanzishwa, polisi pamoja na maofisa wa usalama wakakamata watu wengi kwa kushukiwa. Waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowakamata. Yote hayo yalifanyika kwa siri, na wakati huo Idara ya Usalama haikuwa hata na sheria ya Bunge iliyoeleza mipaka ya kazi yake.

Habari zilipofika juu, uchunguzi ulifanyika. Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyesimamia usalama, naye alijiuzulu. Wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliachia nafasi zao. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kutiwa hatiani.

Wanafunzi wangu wengi wanaijua nusu moja tu ya kisa hiki: kwamba Mzee Mwinyi alijiuzulu kwa kosa asilolitenda kwa mkono wake, na miaka minane baadaye akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Husimuliwa kama kisa cha uungwana wa mtu mmoja. Kwangu mimi uzito wake uko kwingine. Shinyanga ya 1976 iliweka kanuni: kazi ya siri ya dola haimfutii waziri dhamana yake. Siri yaweza kuficha namna kazi ilivyofanyika, lakini haiwezi kuficha kwamba kuna mwenye kuibeba. Naomba tuishike kanuni hiyo tunapoelekea kwenye zama za simu.

Ilichukua muda kwa sheria kuifikia kanuni ile. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Mwaka 1996 Bunge lilitunga Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa. Ndani yake mna katazo ambalo watumishi wa umma wanaonisoma wangefaa kulijua kwa moyo: si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki katika upinzani halali dhidi ya sheria au serikali.

Mwaka uleule wa 1996 ndio uliomfanya mzee wangu wa Kahama kuwa shahidi wa historia. Kuanzia mwishoni mwa Julai na katika mwezi wa Agosti, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Maduara yalifukiwa. Likazuka dai zito kwamba baadhi ya wachimbaji walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zililikana, na mgodi, ambao mwaka 1999 ulinunuliwa na Barrick, uliendelea na safari yake. Sikusudii kuisikiliza kesi ile upya hapa. Ninachotaka tukitazame ni yaliyowapata waliodai uchunguzi huru.

Wanasheria wa mazingira wa shirika la LEAT, akiwemo Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walikusanya ushahidi na kuudai uchunguzi huo kwa nguvu. Mwezi Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT jijini Dar es Salaam wakitafuta mikanda ya video na nyaraka. Baadaye Nshala, Lissu na mwanasiasa Augustine Mrema walishtakiwa kwa uchochezi.

Wengi wetu tuliulaani upekuzi ule. Lakini utazameni leo kwa jicho la mwanahistoria. Askari walifika mchana, wakaonekana. Mpekuliwa alijua kwamba anapekuliwa. Aliweza kuuliza hati iko wapi, kumwita wakili, kuwaambia waandishi wa habari, kuorodhesha kilichochukuliwa. Hata katika ubabe wake, dola ilibisha hodi; na palipo na hodi, pana nafasi ya kujibu.

Kisha zikaja simu za mkononi, na katika ukanda wa dhahabu zilikuja na baraka zake. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamagasa akaweza kujua bei ya dhahabu kabla hajakutana na mnunuzi. Mama mwenye karasha akatuma ada ya mtoto bila kupanda basi. Lakini simu ina tabia ambayo opereta wa posta hakuwa nayo. Kila inapowashwa, hujitambulisha kwa mnara ulio karibu. Kampuni huandika namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliohusika. Mtu akiamka Geita mjini, akapita Katoro, akafika Runzewe na kulala Kahama, minara imemwandikia shajara ya safari yake hata kama hakusema neno.

Kwa hiyo mwenye kushika kumbukumbu hizo hahitaji kusikia mazungumzo. Atajua nani ni chanzo cha habari cha mwandishi, mgonjwa anamwona daktari gani, mwanachama wa upinzani amelala wapi na anaamka saa ngapi.

Kumbukumbu hizo zikafungwa na jina, kisha na mwili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilifanya usajili wa laini kuwa wa lazima. Mwezi Juni 2016 simu zenye namba bandia za utambulisho zilizimwa. Mwaka 2019 ukaja usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha NIDA, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nilikuwa Katoro siku za mwisho za zoezi hilo. Nilimwona kijana mmoja akirudia kuweka kidole mara nne, mashine ikikataa, kwa kuwa mawe yalikuwa yamekwisha kuisaga alama yake. Watu walicheka, naye akacheka. Mimi nilijiuliza kama kuna aliyemweleza kidole kile kinakwenda kuunganishwa na nini.

Tuwe waadilifu. Usajili una sababu zake: utapeli wa simu umewaliza wengi, na vifaa bandia ni tatizo la kweli. Mfumo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, ambao TCRA ilikabidhiwa rasmi Januari 2019, umeelezwa kuwa ni wa kuhesabu miito na mapato na kugundua ulaghai. Wala simkatalii mpelelezi kupewa kumbukumbu za simu. Kanda yetu imeona mauaji ya watu wenye ualbino na mauaji ya vikongwe, na ndugu wa waliouawa wana haki ya kutaka kila chombo halali kitumike. Ila tukumbuke kwamba operesheni ya 1976 nayo ilianza kwa nia hiyohiyo njema. Nia njema haikuwaokoa waliokufa mahabusu.

Sheria zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kuomba amri ya mahakama. Huo ni mlango wenye walinzi wawili. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kukabidhiwa taarifa kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwanza kwa hakimu. Jamii Media waliipinga hatua hiyo Mahakama Kuu bila mafanikio. Hivyo katika nyumba moja tuna mlango wa mbele wenye komeo na mlango wa uani ulioachwa wazi.

Ni katika hali hiyo ndipo tukafika mwaka 2017, na dhahabu ya Kahama ikarudi katikati ya siasa. Mwezi Machi Rais Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia, mengi yakiwa yanatoka Bulyanhulu na Buzwagi. Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki na Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakubwa wa namna jambo lile lilivyoendeshwa. Tarehe 7 Septemba 2017, akitoka bungeni, alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma. Aliokolewa na madaktari wa Dodoma, Nairobi na Ubelgiji.

Miaka saba ilipita bila mtu kufikishwa mahakamani kwa shambulio lile. Kisha mwezi Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti yaliyosemwa katika baraza la kesi za kazi jijini London. Michael Clifford, askari wa zamani wa Metropolitan Police aliyekuwa mchunguzi wa kampuni ya Millicom, alidai kwamba aliachishwa kazi kwa kuwa aliibua jambo zito: kwamba Tigo Tanzania, wakati huo mali ya Millicom, iliipatia serikali taarifa za simu za Lissu na mahali alipokuwa, katika wiki zilizotangulia shambulio. Ufuatiliaji huo, kwa madai yake, ulikuwa wa saa 24. Millicom ilipinga madai yake ya kuachishwa kazi isivyo haki. Baadaye kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuiuza Tigo Tanzania na kuondoka nchini.

Sidai kwamba waliopewa taarifa ndio waliofyatua risasi. Madai hayo yanahitaji mahakama, si makala. Lakini hata tukiishia kwenye ufuatiliaji peke yake, tazameni tofauti. Mwaka 2001 Lissu na wenzake walijua kwamba wanapekuliwa, siku ileile, mlangoni mwao. Upekuzi wa 2017 unaodaiwa alikuja kuusikia baada ya miaka saba, kutoka nchi ya mbali, katika shauri ambalo yeye hakuwa mdaawa. Lisingekuwa shauri la ajira la Mwingereza mmoja, huenda asingejua kamwe. Raia wa Tanzania amekuja kujua habari za simu yake mwenyewe kwa ajali.

Wengine watasema hayo ni ya wapinzani. Basi tuje mwaka 2019. Mwezi Julai zilisambaa sauti za mazungumzo ya simu ya viongozi wa chama tawala wakimsema Rais: makatibu wakuu wastaafu Abdulrahman Kinana na Yusuf Makamba, pamoja na wabunge January Makamba, Nape Nnauye na William Ngeleja. Ngeleja alikuwa Mbunge wa Sengerema, jirani wa Geita, na aliwahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini. January Makamba alikuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia wakati Bunge likipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wiki nzima nchi ilijadili walichosema. Ilipofika Septemba, Rais alitangaza hadharani kuwasamehe walioomba radhi, na Nape naye akaenda Ikulu kuomba radhi. Nilipoitazama taarifa ya habari siku ile niliikumbuka Shinyanga. Mwaka 1977, siri ya dola ilipofichuka, waliowajibika ni wenye dola. Mwaka 2019, siri ya simu ilipofichuka, walioomba radhi ni waliosikilizwa. Aliyesikiliza hakuulizwa. Katika miaka 42 kanuni iligeuzwa juu chini, na wengi wetu, pamoja nami, tulikuwa tunasambaziana zile sauti kwenye simu zetu tukicheka.

Tangu hapo tumepata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyopitishwa Nape Nnauye akiwa ndiye waziri mwenye dhamana ya habari na mawasiliano. Ilianza kutumika Mei 2023 na imeunda tume yake. Ni hatua njema. Hata hivyo imeacha nafasi kubwa kwa mambo yatakayoitwa ya usalama wa taifa, na ndiko hofu ya mzee wangu iliko.

Tusidhani kuwa jambo hili halina dawa Afrika. Afrika Kusini, mwandishi wa habari za uchunguzi Sam Sole aligundua kwamba simu yake ilikuwa ikisikilizwa. Yeye na wenzake wa amaBhungane walikwenda mahakamani. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba sheria ya kunasa mawasiliano ilikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba haikumtaka yeyote amjulishe aliyefuatiliwa hata baada ya kazi kwisha. Mahakama haikuizuia serikali kusikiliza wahalifu. Ilisema kwamba mpelelezi anaweza kuingia kimya kazi ikidai hivyo, lakini mwishoni sharti abishe hodi ili mwenye nyumba ajue na aweze kulalamika.

Kwa wanafunzi na wanaharakati wanaoniuliza tudai nini, ninayo matatu. Kwanza, taarifa za simu zisitolewe bila amri ya hakimu, na mlango wa uani ufungwe. Pili, aliyefuatiliwa ajulishwe kazi inapokwisha, au ndani ya muda utakaowekwa na sheria. Tatu, waziri atoe bungeni kila mwaka idadi ya maombi yaliyopelekwa kwa kampuni za simu na mangapi yalikubaliwa na mahakama. Idadi haivunji usalama wa nchi yoyote.

Na kwenu watumishi wa umma, mnaokaa kwenye madawati ambako barua hizo huandikwa, kugongwa muhuri na kupelekwa: someni katazo la mwaka 1996. Amri isiyoandikwa ni amri ambayo aliyeitoa ataikana. Maofisa waliotiwa hatiani kwa mambo ya 1976 nao waliamini kwamba wanaitumikia nchi.

Jua lilipokuwa linazama kule Kahama, mzee aliingia jikoni akafunua sufuria na kunirudishia simu yangu. Kulikuwa na miito mitatu ambayo sikuipokea. Nilimwuliza kama kweli anaamini kuna mtu anahangaika kumsikiliza mzee asiye na duara wala cheo. Akanijibu kwamba kuamini au kutoamini si kazi yake. "Mwaka ule wa sabini na sita," alisema, "tulijua mawaziri wameondoka. Tulijua ni kwa sababu yetu. Safari hii nani ataniambia?"